Mwongozo wa kwenda kufundisha Kiingereza nje ya nchi, kuanzia karatasi hadi darasani

Wengi wanaotaka kwenda kufundisha Kiingereza nje huanza na swali la nchi. Japani pakoje? Korea wanalipa vizuri? Swali hilo ni zuri, ila limekuja mapema mno. Kabla ya nchi kuna pasipoti yako na shahada yako, maana hizo mbili ndizo zinazoamua mlango upi uko wazi na upi umefungwa, hata uwe mwalimu hodari kiasi gani. Kwa hiyo hapa tutaanza na sheria, twende kwenye karatasi, kisha cheti, ndipo tutafute kazi. Anayeanza na cheti au tiketi kwa kawaida hulipa mara mbili.

Hatua ya 1: Soma sheria inavyomhusu mtu kama wewe

Korea Kusini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Viza yake ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa upande wa Kiingereza hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tena lazima uwe na shahada ya kwanza. Ipo mianya michache inayotokana na mikataba baina ya serikali, lakini kwa ujumla mwenye pasipoti nyingine hata kama amesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, E-2 si yake. Wakala akikuambia "tutaipata tu", muulize ni aina gani ya viza na akuonyeshe kanuni yenyewe.

China nayo ina masharti yanayofanana na hayo. Kanuni za kibali cha kazi zinamtaka mwalimu wa lugha afundishe lugha ya nchi anakotoka, awe na shahada, na awe na uzoefu wa miaka 2, ingawa uzoefu huo unaweza kufidiwa na cheti cha kufundisha lugha. Utekelezaji hutofautiana mkoa hadi mkoa. Jambo jingine la kujua kuhusu China ni kwamba Julai 2021 serikali ilibana vikali biashara ya masomo ya ziada, na vituo vingi vilivyokuwa vikiajiri wageni vilifunga au kubadili kazi. Simulizi za ajira za kabla ya mwaka huo zisikudanganye.

Japani haina orodha ya pasipoti ya namna ile. Kwa viza ya kufundisha lugha mashuleni, kinachoangaliwa ni kama umepata elimu kwa lugha unayoifundisha kwa miaka isiyopungua 12, pamoja na shahada. Aliyesoma kwa Kiingereza kuanzia msingi ana hoja nzuri hapo, mradi shule zake zimwandikie barua za kuthibitisha. Kuna pia mpango wa serikali uitwao JET, ulioanza 1987, unaopeleka walimu wasaidizi wa lugha katika shule za umma. Mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja na unaweza kurudiwa hadi jumla ya miaka 5. Maombi hupitia ubalozi wa Japani na si kwa wakala, na dirisha hufunguliwa kwa muda mfupi tu kwa mwaka, kwa kawaida kati ya Septemba na Novemba, kwa ajili ya kuondoka Julai au Agosti inayofuata. Ukikosa hapo unasubiri mwaka mzima.

Thailand na Vietnam hazimfungii mtu mlango kwa sababu ya pasipoti, ila asiyetoka nchi za Kiingereza huko Thailand ataombwa matokeo ya mtihani wa Kiingereza kama IELTS au TOEIC. Matokeo hayo huhesabika kwa miaka 2, basi usikimbilie kuufanya kabla hujawa tayari kuomba kazi. Nchi za Ghuba, hasa shule za kawaida si vituo vya lugha, zinataka mwalimu aliyesomea ualimu na mwenye uzoefu. Kwao cheti cha wiki chache hakitoshi.

Niseme na hili wazi: soko la kazi hii lina upendeleo. Matangazo mengi yataandika kwamba wanataka mzawa wa lugha, na mara nyingine maana yake ni sura na pasipoti, wala si Kiingereza. Mtu aliyejifunza Kiingereza darasani kwa jasho lake mara nyingi hufafanua sarufi vizuri kuliko aliyezaliwa nayo, kwa kuwa anajua mwanafunzi atakwama wapi. Lakini ubora huo hautageuza kanuni ya uhamiaji. Pale sheria inapokukataa, usipoteze muda. Pale ambapo ni mazoea ya shule tu, omba. Wakuu wa shule wengi wakishakuona ukifundisha husahau walichoandika kwenye tangazo.

Hatua ya 2: Karatasi, na mapema

Sehemu hii ndiyo inayokula miezi. Utahitaji cheti halisi cha shahada, cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai, na nchi nyingine hutaka pia nakala ya matokeo ya chuo na ripoti ya daktari. Nyaraka hizi haziaminiwi hivi hivi nje ya nchi zilikotolewa. Kama nchi yako na nchi unayokwenda zote zimo katika Mkataba wa The Hague wa 1961, kila hati hugongwa muhuri mmoja uitwao apostili na safari imekwisha. China ilianza kuutumia mkataba huo Novemba 2023, jambo lililopunguza usumbufu mkubwa. Kama mojawapo haimo, jiandae kupanga foleni: wakili au mamlaka ya elimu, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Kila dirisha lina ada yake na siku zake.

Angalia majina. Shahada imeandikwa majina mawili, pasipoti ina matatu, cheti cha kuzaliwa kimekosea herufi moja, na kwenye cheti cha polisi jina la ukoo limetangulia. Kwako ni mtu yule yule. Kwa afisa wa uhamiaji asiyekujua ni watu wanne. Weka hati zote mezani, andika jina kama lilivyo kwenye kila moja, na kama hayalingani tengeneza hati ya kiapo kabla ya kugonga muhuri wowote. Ukigundua tofauti baada ya mihuri, unarudia mzunguko wote.

Tazama pia tarehe. Cheti cha polisi huchakaa haraka. Korea, kwa mfano, inataka kilichotolewa ndani ya miezi 6. Basi anza na shahada, ambayo haichakai, na cha polisi kiombe mwishoni.

Hatua ya 3: Cheti cha kufundisha

Kuna vya aina nyingi na bei zake zimepishana sana. Kiwango ambacho waajiri wengi na ofisi za uhamiaji wanakitaja ni kozi ya TEFL, yaani ya kufundisha Kiingereza kama lugha ya kigeni, ya saa 120. Kozi za mtandaoni za saa hizo zinakidhi sharti la karatasi, na kama lengo lako ni viza tu zinatosha. Hazikufundishi kufundisha, kwa sababu hujasimama mbele ya mtu.

Vyeti vya CELTA cha Cambridge na CertTESOL cha Trinity ni kitu kingine. Zote zina angalau saa 6 za kufundisha wanafunzi halisi huku mkufunzi amekaa nyuma akiandika, na ukizifanya kwa mfululizo huchukua kama mwezi mmoja wa kutopumua. Saa 6 zinasikika chache. Ukishapitia la kwanza, ukaambiwa kwamba katika dakika 40 umezungumza wewe dakika 30 na wanafunzi wamegawana zilizobaki, utaelewa kwa nini vyeti hivi vinaheshimiwa. Ushauri wangu: kama unataka mwaka mmoja wa kuona dunia, chukua cha mtandaoni. Kama unafikiria kuishi kwa kazi hii, lipia chenye darasa la kweli.

Hatua ya 4: Kutafuta kazi na somo la majaribio

Jua kwanza unaomba kazi ya aina gani. Shule ya umma ina saa za asubuhi, likizo ndefu na madarasa makubwa, na mara nyingi unafundisha pamoja na mwalimu wa hapo. Kituo cha binafsi, kile Wakorea wanachokiita hagwon na Wajapani eikaiwa, kina madarasa madogo ila wateja wake huja baada ya shule au kazi. Kwa hiyo zamu yako ni mchana hadi usiku, na mara nyingi Jumamosi pia. (Jijini Seoul ilibidi itungwe kanuni ya kuvifunga vituo hivi saa 4 usiku, watoto walale.) Siku yako ya mapumziko itakuwa siku ambayo wenzako wote wako kazini. Jiulize kama unaweza kuishi hivyo.

Mawakala halali wa ajira hizi hulipwa na shule. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi asimtoze mfanyakazi ada. Si kila nchi imeuridhia, lakini ni kipimo kizuri: anayekuomba pesa ili "kuharakisha viza" kabla hujaona mkataba, mwache. Ada ya ubalozi unailipa ubalozini na unapewa risiti.

Kwenye mahojiano ya video utaombwa somo la majaribio, dakika 10 hadi 20. Kosa la kawaida ni kutoa mhadhara. Wanaokuangalia hawataki kujua unachokijua, wanataka kuona kama mwanafunzi atasema kitu. Chagua jambo dogo, onyesha kwa picha au kitu, waambie wao wafanye, sahihisha kosa moja kwa upole, maliza kwa wakati.

Mwisho wa mahojiano omba kuongea na mwalimu unayekwenda kumrithi. Shule nzuri itakupa mawasiliano yake bila mizengwe. Ikikwepa, tayari umepata jibu.

Hatua ya 5: Mkataba

Chukua kalamu. Usiusome kama barua ya pongezi, usome kama mtu anayetafuta mahali atakapobanwa.

Anza na saa. Mkataba ukisema "saa 25 za kufundisha", uliza kama unatakiwa kukaa shuleni saa 40, na kama dakika za kuandaa masomo, kusahihisha na kuongea na wazazi zinalipwa. Saa ya kufundisha ni dakika 60 au 45? Tofauti hiyo peke yake inaweza kuwa madarasa manane kwa wiki. Ukizidisha saa, unalipwa kiasi gani, na unaweza kukataa?

Nenda kwenye mshahara: kinachotajwa ni kabla au baada ya makato? Unalipwa tarehe ngapi? Swali la tarehe linaonekana dogo, lakini ukianza kazi mwanzoni mwa mwezi na malipo ni katikati ya mwezi unaofuata, utaishi wiki sita kwa akiba yako. Beba fedha za kukutosha miezi miwili, zaidi kama nyumba ni juu yako. Japani, kwa mfano, kuingia nyumba ya kupanga kunaweza kudai dhamana, zawadi kwa mwenye nyumba isiyorudishwa, na ada ya dalali, vyote kabla hujalala usiku wa kwanza. Shule ikitoa nyumba, taka picha zake na uulize kama ni ya peke yako.

Kisha soma vipengele vya kuachana, ambavyo watu huviruka kwa kuwa ndiyo kwanza wanaungana. Notisi ni siku ngapi kwa kila upande? Kuna faini ukiondoka mapema? Nauli ya kuja utarudishiwa lini, na je, utadaiwa uirudishe ukiacha kazi kabla ya miezi 6? Korea, aliyetimiza mwaka mzima ana haki ya kiinua mgongo cha takriban mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka. Ndiyo sababu kuna malalamiko ya waajiri wakorofi wanaomtafutia mwalimu sababu mwezi wa kumi na moja. Uliza pia kama shule itakupa barua ya kukuruhusu kuhama, kwa sababu katika nchi nyingi kibali chako kimefungwa kwa mwajiri huyo, na bila barua hiyo unarudi kwenu kuanza upya.

Mambo mawili hayana mjadala. Pasipoti yako haikai kwa mwajiri. Anaweza kuichukua siku moja kuipeleka uhamiaji, akarudisha. Na ahadi ya mdomo haipo. Walichokuambia kwenye simu, waandikie barua pepe: "Nashukuru, nimeelewa kwamba nyumba ni ya mtu mmoja na bili ya umeme mtalipa ninyi. Naomba mthibitishe." Wakithibitisha, umepata maandishi.

Hatua ya 6: Viza na wiki za kwanza

Ingia kwa viza ya kazi, si ya utalii, hata shule ikisema "njoo kwanza, tutabadilisha ukiwa hapa". Wakati mwingine kubadilisha kunawezekana kweli. Lakini kufundisha hata siku moja kabla kibali hakijatoka ni kosa lako mbele ya sheria. Shule italipa faini, wewe utarudishwa.

Ukifika kuna saa inayokwenda. China unatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 kama hujafikia hotelini, na kuomba kibali cha ukaazi ndani ya siku 30. Japani unaandikisha anwani katika ofisi ya mji ndani ya siku 14 tangu upate makazi. Korea, kadi ya ukaazi ndani ya siku 90, pamoja na vipimo vya afya vikiwemo vya dawa za kulevya. Thailand, ukiendelea kukaa, unaripoti uhamiaji kila siku 90. Andika tarehe hizi kwenye simu kabla ya kupanda ndege, maana wiki ya kwanza akili haiko nawe.

Kuhusu mizigo sina mengi, isipokuwa dawa. Baadhi ya dawa za mafua zinazouzwa bila cheti kwingineko haziruhusiwi kuingia Japani, na nchi za Ghuba ni kali kwa dawa za maumivu zenye kodeini. Angalia orodha ya nchi husika na ubebe barua ya daktari.

Hatua ya 7: Darasani

Utagundua haraka kwamba kujua Kiingereza na kukifundisha ni kazi mbili. Tuchukue sentensi moja: "She has lived here since 2019." Mwalimu mgeni huandika kanuni ubaoni, kisha anauliza "Do you understand?" Darasa zima linaitikia kwa kichwa. Halijaelewa, linakuheshimu. Badala yake uliza maswali ambayo jibu lake linafichua uelewa: "Does she live here now?" "When did she come?" Nusu wakisema hayupo tena, umejua tatizo liko wapi. Chora mstari ubaoni, weka 2019 upande mmoja na leo upande mwingine, vuta mshale unaofika hadi leo. Uliza tena. Ndipo waandike sentensi zao wenyewe, kuhusu nyumba zao na simu zao.

Maelekezo yakate vipande. Ukisema kwa pumzi moja "chukueni karatasi, kaeni wawili wawili, mmoja aulize mwingine ajibu halafu mbadilishane", umepoteza darasa. Wapange wawili wawili kwanza, wakiwa bado mikono mitupu. Fanya mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya wenzake. Karatasi igawe mwisho, kwa sababu ikishafika mkononi hakuna anayekusikiliza tena.

Watoto wa miaka 6 hawakai na jambo moja zaidi ya dakika chache, basi somo la dakika 40 liwe na shughuli sita au saba, na moja ya akiba mfukoni. Watu wazima wana tatizo tofauti: wamechoka, wamelipa kwa fedha yao, na wanaogopa aibu. Usimsahihishe meneja wa miaka 50 mbele ya karani wake. Andika makosa uliyoyasikia kwenye daftari, na dakika tano za mwisho yaweke ubaoni bila majina, darasa lenyewe liyarekebishe.

Kama kuna mwalimu mwenyeji unayefundisha naye, mfuate kabla ya somo, si baada, na muulize anataka wewe ufanye nini. Yeye ndiye anayewajua watoto, ndiye atakayeulizwa mtihani wao ukienda vibaya, na ndiye atakayekuelekeza benki iliko.

Hatua ya 8: Kuhama au kurudi

Miezi mitatu kabla ya mkataba kwisha, amua na useme. Kabla hujaondoka dai barua ya utumishi yenye tarehe, cheo na saa za kufundisha, iwe na muhuri, kwa kuwa kibali cha nchi inayofuata kitaidai na shule ikishafungwa hutampata wa kuiandika. China, chukua hati ya kufutwa kwa kibali cha kazi. Bila hiyo mwajiri mpya hawezi kukuombea kingine.

Chunguza pensheni yako pia. Japani, mgeni aliyechangia angalau miezi 6 anaweza kudai sehemu ya michango yake kwa mkupuo baada ya kuondoka, lakini dai liwasilishwe ndani ya miaka 2. Korea hurudisha kwa raia wa baadhi ya nchi tu, kulingana na makubaliano. Kwa hiyo usiharakishe kufunga akaunti ya benki ya huko, na kabla ya kufika uwanja wa ndege hakikisha una namba yako ya pensheni na fomu ya madai mkononi.